Baba uliyefiwa, binti yako anakua: mwongozo wa kumlinda bila kumfungia

Mke wangu alifariki mwezi wa kwanza, msimu wa sare. Fundi cherehani yeyote wa soko la Mwanga hapa Kigoma anaujua msimu huo: wazazi wamejaa mlangoni, kila mmoja anataka sketi ya mwanawe kabla ya Jumatatu. Saa sita mchana alinipigia simu kwamba kichwa kinamgonga na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Nikamwambia alale kidogo, nakuja. Nilifika nyumbani saa mbili usiku. Kilikuwa kiharusi. (Ndugu msomaji, mkono wa mtu ukifa ganzi ghafla, mdomo ukapinda au maneno yakaanza kukatika, usimwambie alale. Mkimbize hospitali saa ileile.)

Aliniachia wavulana wawili wadogo na binti wa miaka 14, kidato cha pili. Tangu tuliporudi makaburini Ujiji nilimlinda binti yule kama yai. Asubuhi nilimpeleka shule kwa baiskeli, jioni nikamfuata. Usiku nilitandika mkeka koridoni, mbele ya mlango wake, nikalala hapo. Akisema kichwa kinamuuma, zahanati. Tulikwenda mara nne ndani ya miezi miwili, na mara zote nne alikuwa mzima.

Jioni moja ya mwezi wa nane alikuwa Katubuka kwa mwanafunzi mwenzake, wakijisomea hesabu kwa ajili ya mtihani wa taifa. Tulipatana arudi saa kumi na mbili. Saa moja kasoro robo hajafika. Nilifunga duka, nikapanda bodaboda mpaka Kibirizi, nikaanza kuwauliza wavuvi mwaloni kama wamemwona msichana mwenye sare. Kwa nini niliwahi ziwani wakati najua yuko Katubuka, mpaka leo siwezi kueleza. Nilipomfikia alikuwa barazani anafunga kamba za viatu. Nilimshika mkono mbele ya wenzake na mama mwenye nyumba, nikamvuta njia nzima. Hakulia. Tulipofika mlangoni kwetu akasema, "Baba, aliyekufa ni mama. Mimi nipo."

Naandika haya kwa ajili ya baba mgane mwenye binti wa umri ule, na kwa baba aliyezika mtoto mmoja akabaki na mwingine. Ninachoamini baada ya miaka miwili na nusu ni kwamba huzuni ya mwanaume isipopata pa kukaa huhamia kwa mtoto, na ikifika huko inajiita ulinzi. Kazi yako kwa hiyo ni mbili, kuomboleza na kulea, na kila moja ina saa zake.

Hatua ya kwanza: Andika kila ulichokataza

Chukua daftari. Usiifanye kazi hii kichwani ukiwa njiani, maana kichwa kitakutetea. Andika kila katazo ulilompa binti tangu mazishi, hata dogo. Mbele ya kila moja jibu maswali mawili. Mama yake alipokuwa hai, jambo hili lilikatazwa? Kama halikukatazwa, kilichobadilika ni nini: binti, mtaa, au mimi?

Yangu yalifika kumi na moja. Asiende Ujiji kwa bibi yake peke yake. Asilale kwa mama yake mdogo Gungu. Asicheze netiboli baada ya masomo. Asifunge mlango wa chumba chake. Asikae barazani kwa jirani baada ya magharibi. Asisogee ziwani kabisa, na kadhalika. Nilipojibu kwa haki, matatu tu yalisimama: kupanda bodaboda usiku, kwenda ziwani siku ya upepo bila mtu mzima, na kupokea zawadi au lifti kutoka kwa wanaume wasiotuhusu. Hizo ni hatari za kweli na baba hapaswi kuzionea haya. Lakini zilikuwepo hata mama yake alipokuwa hai, na yeye alizisimamia vizuri kuliko mimi, bila kelele. Manane yaliyobaki yalizaliwa usiku ule wa kiharusi. Binti alikuwa hajakosa chochote.

Utaona aibu ukiisoma orodha yako. Usiichane, utaihitaji katika hatua ya nne.

Hatua ya pili: Tafuta pa kulilia

Kwetu matanga yakiisha siku ya tatu, turubai linaanuliwa, masufuria yanarudi kwa wenyewe, mnangojea arobaini. Mwanamke aliyefiwa na mume ana eda yake, miezi minne na siku kumi, na mtaa mzima unajua yumo ndani ya msiba. Mwanaume hana kipindi cha namna hiyo. Mimi siku ya nne nilifungua duka, na kila aliyeniona nimenyamaza aliniambia nijikaze, watoto wananitegemea. Walikuwa na nia njema. Nikajikaza, na ule mkazo wote nikaupeleka kwa binti.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huyumba kati ya mambo mawili: leo analia na kumkumbuka aliyekwenda, kesho anashughulika na maisha yaliyobaki, kisha anarudi tena kulia. Kuyumba huko ndiko kunakomponya. Anayeng'ang'ania upande mmoja tu hukwama. Nilipoelezwa habari hiyo nilijitambua papo hapo. Nilikuwa nimekwama kwenye kushughulika, na shughuli yenyewe alikuwa msichana wa miaka 14.

Kwa hiyo jipangie siku na mahali. Mimi nilichagua Ijumaa: nikitoka msikitini napanda daladala la Ujiji, nakaa kaburini nusu saa, naomba dua, nasema ninayotaka kusema. Pili, nina rafiki mvuvi wa dagaa. Kipindi cha mbalamwezi taa zao hazifanyi kazi vizuri, hawaendi ziwani, basi yuko nyumbani. Siku hizo nakwenda kwake. Kwake ndiko nilikosema kwa mara ya kwanza maneno niliyokuwa nimeyameza: "Alinipigia mchana, nikamwambia alale." Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniongezea chai. Nilirudi nyumbani nikalala chumbani kwangu. Mkeka wa koridoni nikaukunja.

Sanduku la nguo za marehemu usilifungue peke yako na usiligawe bila binti kujua. Nilitaka kulipeleka lote kwa ndugu zake, nikidhani namwepusha mtoto na uchungu. Shangazi yake akanizuia. Tulilifungua pamoja Jumamosi moja. Binti alichukua kanga moja, doti ambayo mama yake alikuwa hajaikata, akaiweka puani. Harufu ya udi ilikuwa bado imo. Aliniletea baadaye dukani akaniomba niikate na kuipinda, lakini nisiifue kwanza. Nilipiga upindo ule taratibu kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya.

Na kama miezi sita imepita, majonzi bado ni makali kila siku, kazi haifanyiki, kula na kulala kumekushinda, nenda hospitali. Katika orodha yake ya magonjwa, Shirika la Afya Duniani linautambua msiba wa namna hiyo kuwa ni ugonjwa unaotibika. Waulize wakuonyeshe afisa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya ya akili. Uanaume haupungui kwa kuuliza.

Hatua ya tatu: Ongea naye mikono ikiwa na kazi

Usimwite sebuleni. Binti wa umri huu akiitwa sebuleni anajua ni kesi, atajibu "sawa baba" na "hapana baba" mpaka uchoke. Sisi tuliongea vizuri kwa mara ya kwanza tukichambua dagaa. Ungo katikati, yeye upande huu mimi upande ule, macho yote kwenye mchanga na vijiti. Mtu asipotazamwa usoni hufunguka.

Anza na kosa lako, na ulitaje kwa jina. Mimi nilisema, "Siku ile Katubuka nilikuaibisha mbele ya wenzako. Hukuwa umefanya kosa la kuvutwa. Nilikuwa na hofu, na hofu ile ni yangu. Nisamehe, mama." Namwita mama tangu alipozaliwa, ana jina la mama yangu. Aliendelea kuchambua dagaa. Nilihesabu kimoyomoyo ili nisimjazie maneno, nikafika hamsini na kitu. Ndipo akasema, "Na mimi naogopa. Usiku nakusikiliza unavyokohoa. Ukinyamaza naamka nisikilize kama unapumua."

Miezi ile yote tulikuwa tumelala pande mbili za mlango mmoja, kila mtu anamlinda mwenzake asife.

Kwa hiyo muulize anachoogopa yeye. Baba wengi hatuulizi, tunadhani hofu ni mali yetu. Muulize pia ni katazo gani linamuumiza zaidi. Jibu lake linaweza kukushangaza. Wangu hakutaja simu wala matembezi, alitaja netiboli. Kumsikiliza si hisani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila aliye chini ya miaka 18 haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Kuna sentensi mbili nakusihi usizitamke. Ya kwanza ni "mama yako angekuwepo asingekubali." Ukimgeuza marehemu kuwa fimbo, mtoto atakosa hata mahali pa kumkumbukia kwa raha. Ya pili ni "wewe ndiye mama wa nyumba hii sasa." Hii inasemwa na kila mgeni msibani, nami niliisema. Binti yangu akaanza kuamka saa kumi alfajiri, apike chai, aogeshe wadogo zake, afue, ndipo aende shule akasinzie. Nikamsifu kwa majirani. Ukiangalia kwa makini, kumfungia binti nyumbani na kumbebesha nyumba ni jambo lilelile: yote mawili yanamfanya akae pale alipokuwa mama yake. Tuligawana kazi upya. Mimi chai ya asubuhi na kuogesha, wavulana vyombo, yeye ugali na mchuzi wa jioni, siku za shule basi. Migebuka yangu ya mawese iliungua mara mbili tatu, tukala hivyohivyo.

Hatua ya nne: Fumua upindo kidogo kidogo

Sketi ya kidato cha kwanza naiachia upindo wa inchi nne. Januari ikifika mzazi anaileta dukani, nafumua inchi moja, napiga mshono mpya, napitisha pasi. Alama ya mshono wa zamani inabaki kidogo. Ukifumua inchi zote nne siku moja msichana atajikwaa, na ukikataa kufumua, magoti yatatoka nje na mwalimu atamrudisha nyumbani.

Fanya hivyo na ile orodha ya hatua ya kwanza. Makatazo yenye hatari ya kweli yanabaki, ila mweleze sababu. Haya mengine panga ya kulegeza, jepesi kwanza. Sisi tulianza na njia ya shule: aende na kurudi na wenzake, mimi nibaki dukani. Wiki mbili zikapita salama, tukaongeza netiboli, Jumatano tu. Ikafuata daladala la Ujiji kwa bibi yake Jumamosi, akifika bibi anipigie. Kisha kulala Gungu kwa mama yake mdogo usiku mmoja. Usiongeze jipya kabla la zamani halijakaa. Akivunja makubaliano, mrudishe hatua moja. Ukimrudisha mwanzo kabisa atajifunza kuficha, na binti anayeficha ndiye aliye hatarini kweli, kwa sababu akikumbana na mwanaume mwenye nia mbaya hatakuja kukwambia.

Kila ruhusa iwe na mambo manne ambayo wote mnayajua: anakwenda wapi, yuko na nani, anarudi saa ngapi, akichelewa afanye nini. Halafu weka na la tano, la kwako wewe: akichelewa, baba afanye nini. La tano hili ndilo lililotuokoa. Yangu inasema hivi. Saa ikipita, nasubiri nusu saa. Nusu saa ikiisha, napiga simu moja kwa mwenyeji wake. Asipopatikana, nampigia shangazi yake, na tunaamua wawili. Siondoki peke yangu kwenda kutafuta.

Nusu saa hiyo ni ndefu. Moyo utakuletea picha za kila aina. Mimi nafumua mishono ya nguo kuukuu kwa wembe, kazi inayotaka macho na vidole, navuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Hofu haiondoki, ila inakaa chini. Mara zote mpaka leo binti alitokea kabla ya dakika ya ishirini na tano, isipokuwa siku moja daladala lilipoharibika njiani, na siku hiyo alikwishaomba simu ya kondakta akanijulisha.

Mwanamke wa kuongea naye

Baba mwema hawezi kuwa kila kitu. Tafuta mwanamke mmoja au wawili ambao binti anawaamini, shangazi, mama mdogo, mwalimu wa malezi shuleni, na umwambie wazi kwamba anaweza kuwaeleza mambo ambayo hutaulizia. Kisha timiza ahadi: usimbane shangazi akutolee siri. Mkubaliane tu kwamba kukiwa na hatari ya maisha au ukatili, utaambiwa.

Mambo ya hedhi lakini usiyakimbie. Nunua pedi kama unavyonunua sabuni, weka kabatini, pakiti ikiisha weka nyingine. Hakuna hotuba inayohitajika.

Kuhusu simu, kwa kifupi. Kitochi kinatosha kwa usalama wa njiani. Simu janja mpe kwa masharti mliyoyaandika pamoja, na ukitaka kuikagua, ikague akiwepo. Niliwahi kusoma meseji zake kwa siri usiku, nikakuta anamwandikia mwenzake kwamba anamkumbuka mama yake na hana wa kumwambia.

Hofu ikiwa ya kweli

Usichanganye kulegeza na kupuuza. Mwanaume mtu mzima anayemfuatafuata, zawadi usizojua zimetoka wapi, kubadilika ghafla, kuogopa mtu fulani wa ukoo: hapo usingoje nusu saa. Namba 116 ni ya bure, ya huduma kwa watoto nchi nzima, na hata mzazi anaweza kuipiga. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Usilimalize kwa vikao vya familia jambo la jinai.

Siku ambazo hofu itarudi

Itarudi. Kwangu ni Januari yote, Idd, na kila akiumwa kichwa. Zijue siku zako, uzitaje nyumbani: "Huu ni mwezi aliofariki mama yenu, mkiniona mkali nikumbusheni." Usitunge sheria mpya katika siku hizo. Ukiteleza ukafoka, omba radhi siku hiyohiyo kabla ya kulala, kwa sentensi mbili tu. Kuna wazee watakaokwambia baba haombi radhi kwa mtoto. Wasikilize kwa heshima, kisha nenda kaombe.

Hatua ya mwisho kwetu ilikuwa ziwa. Akiwa kidato cha tatu, shule ilipanga safari ya Gombe, hifadhi ya sokwe kandokando ya ziwa, kama kilomita 16 kaskazini ya mji, na Gombe hakuendeki ila kwa boti. Aliniletea fomu ya ruhusa jioni, akaiweka kwenye meza ya cherehani bila kusema neno. Nilikaa nayo siku tatu. Kisha nikaenda shuleni na maswali: boti inaruhusiwa kubeba watu wangapi, majaketi ya kuokolea ni mangapi na yanawatosha wasichana, wanaondoka saa ngapi, upepo ukichafuka nani ana mamlaka ya kuahirisha. Mwalimu alinijibu yote, hakuniona msumbufu. Maswali ya namna hiyo ni haki yako, uliza mpaka uridhike, kisha saini.

Usiku kabla ya safari binti alinisimulia walichofundishwa. Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuwachunguza sokwe, alipofika Gombe mwaka 1960 alikuwa na miaka 26, na wakubwa wa serikali hawakukubali msichana akae msituni peke yake, kwa hiyo alikuja na mama yake mzazi. Mama akakaa naye miezi kadhaa, akaona mwanawe ameweza, akarudi kwao Uingereza. "Unaona baba," akasema, "alimsindikiza, halafu akamwachia." Nikamwambia akalale, boti haingoji mtu.

Nilimsindikiza mpaka Kibirizi. Ziwa lilikuwa limelala, maji kama kioo. Nilimkaza mikanda ya jaketi mwenyewe, naye akaniacha nimalize, mbele ya wenzake. Boti iliondoka saa moja na robo. Nikarudi dukani, nikachukua wembe na rundo la sketi kuukuu.

Saa tatu na dakika kumi simu iliingia ujumbe, kutoka namba ya mwalimu. "Tumefika baba. Umekunywa chai?"

Nilikuwa sijanywa.